Dawa ya kikohozi iliyobeba jina la mama

Wadau, kuna watu wakifiwa na mama wanaweka picha na mshumaa, wiki ikipita wamesahau. Huko China kuna jamaa mmoja kumbukumbu ya mama yake iko kwenye chupa, na mpaka leo watu wanaipiga kijiko kwa kijiko.

Dawa inaitwa Nin Jiom Pei Pa Koa. Stori inayosimuliwa ni ya enzi ya wafalme wa Qing. Mkuu wa wilaya mmoja alikuwa na mama anayekohoa, haponi. Cheo anacho, lakini kikohozi cha mama kilimshinda. Akahangaika mpaka akamfikia tabibu mkubwa wa zama zile, Ye Tianshi. Akapewa mchanganyiko, mama akapata nafuu. Mama alipokuja kufariki, jamaa hakuikalia ile siri; akawatengenezea na wengine. "Nin Jiom" maana yake kumkumbuka mama. Hata nembo yake inaonyesha mtoto akimhudumia mama.

Ndani kuna nini? Majani ya mlokwati, ambao Wachina wanauita pipa, jina moja na gitaa lao la kale lenye umbo kama la jani hilo. Kuna tangawizi, ganda la balungi, mnanaa na asali nyingi. "Koa" ni kitu kilichochemshwa mpaka kikawa kizito.

Mwaka 1946 kampuni ikaanzishwa Hong Kong, dawa ikasambaa Asia. Halafu 2018, mafua makali yakiitikisa Marekani, watu wa New York wakaanza kuisifia, wakaigombania, bei ikapaa.

Sasa tuambiane ukweli. Asali inatuliza koo, hilo halina ubishi. Lakini sharubati haiui vijidudu vya mapafu. Mtoto chini ya mwaka 1 hapewi kitu chenye asali, ni hatari. Na ukikohoa wiki 2 au zaidi, acha kubadilisha chupa, nenda kapime TB. Yule jamaa mwenyewe hakubahatisha na mama yake, alimtafutia tabibu.

Kama mama yako yupo na anakohoa, mpigie leo. Ya kumkumbuka yatasubiri.

Kwenu mlikuwa mnapewa nini, tangawizi, ndimu na asali, au mwarobaini? Tupia komenti hapo chini.