Kundi Wakati Mchungaji Hayupo



Ninyi mlioko Kinole na katika vigango vya milimani mwajua jinsi masika yanavyotenda. Mvua ikishika Uluguru njia huteleza, na padre aliyengojewa Jumapili hii huenda akaonekana Jumapili ya nne. Katekista husimama mbele ya waamini, husoma masomo, huongoza sala, kisha watu hurudi migombani kwao. Swali la leo latoka hapo. Je, kundi hukua au hudumaa wakati mchungaji hayupo? Na akija mgeni mwenye sauti tamu na unabii mpya, atawakuta watu wa namna gani?

Mtume Paulo, katika sura ya 4 ya Waraka kwa Waefeso, anamwona Mkristo asiyekua kama mtoto mchanga katikati ya bahari iliyochafuka. Mtume Petro, mwishoni mwa Waraka wake wa pili, akiisha kuwaonya waamini juu ya wapotoshaji, anawapa dawa moja tu: wakue katika neema na katika kumjua Bwana. Ningalitazamia awape orodha ya mafundisho ya kuyakataa. Hakufanya hivyo.

Tuitazame historia ya jirani zetu wa Uganda, maana huko yalitokea mambo mawili yaliyoachana kwa miaka zaidi ya mia moja.

Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, waliingia Buganda mwaka 1879, na mwaka uliofuata wakabatiza Wakristo wao wa kwanza. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, hakupenda haraka hiyo. Aliagiza kwamba anayeomba ubatizo afundishwe na kujaribiwa kwa muda wa miaka minne. Wengi waliona ni mzigo. Kisha, Novemba 1882, hali ya hatari katika makao ya Kabaka Mutesa iliwalazimu mapadre kuondoka. Walivuka ziwa kwenda kusini, na mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Bukumbi, katika Mwanza ya leo. (Sisi wa Morogoro tukumbuke kwamba mwaka ule ule wa 1882, padre alipoondoka Buganda, Mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Bagamoyo walikuwa wakijenga misioni yao hapa chini ya mlima.)

Waliobaki Buganda walikuwa vijana wa ikulu, askari, watumishi na wakulima. Hawakuwa na Misa, hawakuwa na kitubio, wala hawakuwa na mtu wa kuwauliza. Lakini Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwafundisha vijana wa ikulu. Matia Mulumba, aliyekuwa mtu wa cheo na mwenye wake wengi, alikuwa amebaki na mke mmoja kwa ajili ya ubatizo. Naye huko Singo akawafundisha majirani. Walisali pamoja, waliwahudumia wagonjwa, na waliokuwa kufani waliwabatiza. Mapadre waliporudi Julai 1885, baada ya Mutesa kufariki na Mwanga kutawala, walikuta waombaji wa dini wengi kuliko waliowaacha. Miaka karibu mitatu bila padre, na kundi limeongezeka! Na Novemba mwaka huo huo Balikuddembe aliuawa, kwa kuwa alithubutu kumwambia Kabaka kwamba alikosa kumwua Askofu Hannington wa Waanglikana. Kijana aliyefundishwa vizuri alitetea haki ya askofu asiye wa Kanisa lake.

Sasa twende Kanungu, kusini-magharibi mwa nchi hiyo hiyo. Tarehe 17 Machi 2000 nyumba ya sala iliungua moto, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, na watu waliokuwa ndani, pamoja na watoto, wakateketea. Siku zilizofuata yakafukuliwa makaburi ya pamoja mahali pengine palipokuwa pa kundi hilo. Waliokufa kwa jumla walizidi 700.

Hawakuwa wapagani wale. Kundi lilijiita la Kurudisha Amri Kumi za Mungu. Wengi wao walikuwa Wakatoliki waliobatizwa. Rozari ilikuwa mikononi mwao. Credonia Mwerinde alidai kutokewa na Bikira Maria. Joseph Kibwetere alikuwa mlei mwenye heshima aliyewahi kusimamia shule. Na Dominic Kataribabo alikuwa padre, aliyesoma teolojia hadi Marekani, na ambaye askofu wake alikuwa amemsimamisha. Jambo la padre huyu lanitia huzuni kuliko yote. Wengine husema, wapeleke watu shule na uzushi utakwisha. Kanungu yatujibu kwamba mtu aweza kuwa na shahada ukutani na roho yake ikawa imekoma kukua.

Waliishije? Waliuza mali zao na kukabidhi fedha kwa viongozi. Mume alitengwa na mke. Mazungumzo yalikatazwa, wakaonyeshana kwa ishara, kana kwamba ulimi ndio dhambi. Walikesha, walifunga, waliambiwa kwamba dunia itakwisha pamoja na mwaka 1999. Mwaka ukaisha, jua likachomoza Januari kama kawaida. Yasimuliwa kwamba ndipo baadhi wakaanza kudai mali zao.

Tofauti i wapi, basi? Makundi yote mawili yalisali sana. Makundi yote mawili yalikuwa mbali na padre halali. Lakini Wakristo wa Buganda walifundishana kwa sauti na kuulizana, na wakabaki wakingoja kusahihishwa na mapadre watakaporudi. Imani iliwarudisha kwa mke, kwa jirani, kwa mgonjwa. Kule Kanungu imani iliwaondoa kwa hao wote. Anayekataza swali, na anayemtenga mtu na jamaa zake, huyo tayari amejitambulisha, hata kama amevaa medali ya Mama Maria. Msitu wa Shakahola, Kenya, ulikotolewa miili zaidi ya 400 mwaka 2023 ya watu waliofunga kula ili wakutane na Yesu, walionyesha alama hizo hizo.

Wala tusiwacheke waliopotoshwa. Mwaka 2011 maelfu ya Watanzania walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa shilingi 500, na wako wagonjwa walioacha dawa za hospitali. Nawauliza viongozi wa jumuiya: mgonjwa yule, kabla ya kupanda gari, nani alikuwa amemtembelea? Maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa njia ya kichungaji tangu miaka ya 1970, nazo si za kuhesabia zaka tu. Katekista wa Kinole anayesoma Injili ya Jumapili ijayo tangu Jumatano, akaijadili na watu watano chini ya mwembe, akaruhusu mzee amwulize swali gumu na kusema, "Hilo nitamwuliza Baba Paroko", huyo analinda kigango kuliko anayepiga kelele dhidi ya madhehebu. Nami namwomba asikubali kufupisha mafundisho ya wakatekumeni kwa sababu wazazi wanataka sherehe kabla ya mavuno.

Habari ya Buganda niliiacha njiani. Mei 1886 Mwanga aliwafungia vijana wa ikulu huko Munyonyo. Miongoni mwao alikuwamo Kizito, wa miaka kama 14, ambaye bado alikuwa mkatekumeni. Aliyekuwa akiwaongoza, badala ya Balikuddembe, ni Karoli Lwanga, aliyebatizwa miezi sita tu iliyopita. Walijua asubuhi itakuwa ya hukumu. Usiku wa kuamkia tarehe 26, Lwanga aliwauliza wasiobatizwa juu ya imani yao, kisha akachukua maji akambatiza Kizito na wenzake wachache. Padre hakuwapo.