Kuteka Maji, Kuteka Watu

Mgeni anayejifunza Kiswahili huduwaa akisikia redioni kwamba majambazi wameteka basi, maana jana tu alifundishwa kuwa kinachotekwa ni maji. Kamusi huyatenga maneno hayo: teka ya kisimani ina kitomeo chake, na ya nyara ina chake. Sina ugomvi na kamusi, ila sikio halisomi namba za vitomeo. Ndoo ikishushwa kisimani hulala ubavu, hugugumia, huzama, kisha kamba hukaza. Maji yaliyokuwa yametulia sasa yamo mkononi mwa mwingine, yatakwenda atakako yeye. Mateka naye si hivyo hivyo?

Kiarabu kimeshika njia nyingine. Nazaha ni kuteka maji ya kisima mpaka yabaki haba au yaishe kabisa. Ni pia kwenda mbali, kuhama. Ibn Mandhur katika kamusi yake, Lisan al-Arab, ameziweka maana zote mbili chini ya mzizi mmoja. Tangu vita vilipozuka Sudani Aprili 2023, idhaa za Kiarabu huwaita nazihun wale waliohama makwao bila kuvuka mpaka. Sisi twasema wakimbizi wa ndani, jina la makaratasi, linaloonyesha miguu inayokimbia na basi. La Kiarabu, nionavyo mimi, linakurudisha kwenye kijiji walikotoka: kisima kimebaki shimo. Tena kitenzi hicho hakilazimishi awepo mshika kamba, kwani kisima chenyewe chaweza kutajwa kuwa kimenazaha.

Kwa Mwingereza, bail ni kutoa maji chomboni, neno lililotokana na baille ya Kifaransa, yaani ndoo. Bail ya mahakamani, dhamana, ilipita njia yake kutoka Kifaransa cha kale, ingawa wachunguzi wa asili za maneno huyafikisha yote mawili kwa mchukuzi wa mizigo wa Kilatini. Basi kwetu sauti ya kutekea maji humfunga mtu, kwao humfungua! Oktoba 2008 Marekani ilipotenga dola bilioni 700 kuyaokoa mabenki, Kiingereza kilisema bailout. Kiswahili husema kunusuru. Hakuna ndoo, hakuna chombo.

Chombo tunacho kwingine. Maji yakijaa ngamani, chini tumboni mwa chombo, baharia huyakumba kwa upo, au siku hizi kwa dumu la mafuta lililokatwa mshazari, ukingo wake ukikwaruza mbao kila mkono unapozama. Hukumba mpaka yaishe, maana kukumba ni kuzoa vyote. Mto Rufiji ulipofurika Aprili 2024, kitenzi kilikuwa hicho hicho: mafuriko yaliwakumba watu, na mashamba yao ya mpunga.