Gitaa la Besi na Jina la Mpigaji

Wahenga walisema kuwa nyumba njema si mlango. Neno hili laufaa muziki kama liifaavyo nyumba. Watu wasikilizapo wimbo, masikio yao humfuata mwimbaji, na baada ya mwimbaji huifuata ala yenye sauti ya juu kuliko nyingine. Sauti nzito ya chini, ambayo ndiyo iuchukuayo wimbo mzima mabegani, huhisiwa kifuani kabla ya kutambuliwa na sikio, na aghalabu haitambuliwi kabisa mpaka inyamaze. Mwenye kuitoa sauti hiyo ni mpigaji wa besi. Historia ya gitaa lake ni fupi, haijatimiza karne moja. Walakini ndani ya ufupi huo mna swali ambalo kila mwanafunzi wa historia hukutana nalo: kazi ya mtu ambaye jina lake halikuandikwa huthibitishwa kwa ushahidi gani?

Kabla ya gitaa la besi kuzuka, kazi ya sauti ya chini ilifanywa na besi ya kusimama, yaani lile zeze kubwa lenye kimo kipitacho cha mtu, ambalo wasikilizaji wa taarabu ya Unguja wanalijua vema. Ala hii ina heshima yake na sauti ya pekee, lakini ina dhiki mbili. Dhiki ya kwanza ni ukubwa wake: mpigaji aliyesafiri kutoka mji hata mji alilazimika kuifunga juu ya paa la motokaa, na kuiombea njiani isipasuke. Dhiki ya pili ni udhaifu wa sauti yake mbele ya tarumbeta na ngoma. Kadiri bendi za Marekani zilivyozidi kupiga kwa kishindo, ndivyo mpigaji wa besi alivyozidi kuonekana akitoka jasho pasipo kusikika. Tena shingo ya besi hiyo ni laini, haina alama wala kizuizi. Kidole kikikosea mahali pake kwa unene wa ukucha tu, sauti huharibika.

Mtu wa kwanza kujulikana kuwa alizitibu dhiki hizo pamoja alikuwa Paul Tutmarc, mwanamuziki na fundi wa mji wa Seattle. Katika miaka ya 1930 alitengeneza besi ndogo ya umeme iliyoshikwa kama gitaa, yenye vipande vya madini vilivyopangwa shingoni, ambavyo wapigaji huviita freti. Ala hiyo, iliyouzwa kwa jina la Audiovox, ilikuwa na karibu kila kitu ambacho gitaa la besi linacho leo. Ilikosa jambo moja tu, nalo ni wanunuzi. Chache ziliuzwa, na wazo lenyewe likalala kwa muda wa miaka kumi na mitano hivi.

Aliyeliamsha alikuwa Leo Fender wa Fullerton, California, aliyezaliwa mwaka wa 1909. Ajabu yake ni kuwa mtu huyu hakujua kupiga gitaa. Kazi yake ya asili ilikuwa kutengeneza redio. Pengine upungufu huo ndio uliomfaa, maana hakufungwa na mazoea ya mafundi wa seremala waliorithi sura ya ala kutoka kwa babu zao. Mwaka wa 1951 alitoa gitaa la besi lenye kiwiliwili cha ubao mzima usio na uwazi ndani, nyuzi nne zilizofungwa kwa sauti zile zile za besi ya kusimama, na chini ya nyuzi sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Uzi wa chuma utikisikapo juu ya sumaku hizo, huzaa umeme mdogo katika waya, na umeme huo ukafika katika kikuza sauti, ambako hugeuka kuwa sauti ipendavyo mkono wa mpigaji. Ala hiyo aliiita Precision Bass, kwa kuwa freti zake zilimpa mpigaji sauti barabara bila ya kubahatisha.

Waungwana wa muziki hawakuipokea kwa furaha. Walio wengi waliiona kuwa chombo cha mtu asiyeweza kujifunza ala ya kweli. Hata hivyo Lionel Hampton, kiongozi wa bendi kubwa ya jazi, aliikubali mapema, na baadaye kidogo Monk Montgomery akaipiga katika bendi hiyo na kusafiri nayo Ulaya mwaka wa 1953. Kwa muda wa miaka mingi watu waliiita besi ya Fender tu, hata ilipokuwa imetengenezwa na fundi mwingine. Toka hapo ikaenea duniani. Na Afrika Mashariki na Kongo, bendi za dansi zilipopanga magitaa yao, sololo, ridhimu na besi, ziliipa besi kazi ya kushika mlango ili wengine waingie na kutoka wapendavyo.

Lakini ala haina ulimi wake mwenyewe. Husema kwa mkono wa mtu. Mtu aliyeifundisha besi ya umeme kusema alikuwa James Jamerson. Alizaliwa mwaka wa 1936 katika kisiwa cha Edisto, pwani ya South Carolina, nchi ya Wagullah, ambao ni wazao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Husimuliwa kuwa alipokuwa mtoto alichomeka kijiti ardhini, akakifunga uzi mmoja wa mpira, akawa anauchezesha ili awatazame sisimizi wakicheza ngoma yake. Mwaka wa 1954 alihamia Detroit pamoja na mama yake, na huko shuleni akajifunza besi ya kusimama. Kila jambo alilolifanya baadaye katika gitaa la umeme lilikuwa na asili katika mafunzo hayo.

Mwaka wa 1959 Berry Gordy alianzisha katika mji huo biashara ya sahani za santuri iliyokuja kujulikana kwa jina la Motown. Nyumba aliyoinunua ilikuwa nyumba ya kawaida ya kukaa watu, na chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo hata wanamuziki wakakiita shimo la nyoka. Jamerson alikuwa miongoni mwa kundi la wapigaji waliofanya kazi humo mchana na usiku, wakajiita Funk Brothers. Waimbaji walibadilika: leo Supremes, kesho Temptations, kesho kutwa Marvin Gaye, wapigaji walikuwa wale wale. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Jamerson alianza kuiacha besi ya kusimama na kushika ile ya umeme, na ile iliyompa sifa ilikuwa Precision Bass ya mwaka wa 1962.

Mpaka leo wapigaji wa besi wakikutana hawachoki kuijadili siri ya mkono wake, na ubishi wao si mchezo. Wako wanaosema siri ilikuwa nyuzi: Jamerson alitumia nyuzi nene zenye uso laini, na hakuzibadilisha mpaka ikatike moja, akiamini kuwa uchafu na uchakavu huzipa utamu. Wako wanaosema siri ilikuwa kipande cha sponji kilichowekwa chini ya kifuniko cha daraja, kikauzuia uzi usilie kwa muda mrefu, ukatoa mdundo mfupi kama wa ngoma. Wengine husema ni namna ya kurekodi, maana besi ile iliunganishwa moja kwa moja na mitambo ya studio. Na wengine, ambao pengine wana haki zaidi, husema yote hayo ni mavazi tu, na kuwa mwili wenyewe ulikuwa kidole. Jamerson alivuta nyuzi kwa kidole kimoja tu, cha shahada, cha mkono wa kulia, kama alivyozoea katika besi kubwa. Wapigaji waliotangulia walitembea juu ya sauti mbili tatu za wimbo na kurudi walikotoka. Yeye aliziunganisha kwa sauti za kati, akachelewesha mpigo mmoja na kuuwahisha mwingine, akamjibu mwimbaji bila ya kumkatiza. Msomaji atakaye kuyapima maneno haya na ausikilize wimbo wa Marvin Gaye na Tammi Terrell uitwao Ain't No Mountain High Enough, wa mwaka wa 1967, aisahau sauti ya waimbaji kwa dakika mbili, naye atakuta chini yake wimbo wa pili uliokamilika.

Sasa yaja mambo ya huzuni. Washairi wa tenzi za Kiswahili walikuwa na desturi njema: katika beti za mwisho mtunzi alitaja jina lake, pengine na mwaka aliomaliza kazi, ili wajao wamjue na wamwombee dua. Mpigaji wa Detroit hakuwa na ubeti wa mwisho. Kwa muda wa miaka mingi sahani za Motown ziliuzwa kwa mamilioni pasipo kutaja jina la hata mmoja wa wapigaji. Vijana wa Uingereza, akiwamo Paul McCartney wa Beatles, walijifunza besi kwa kuzisikiliza sahani hizo, wakimwiga mwalimu wasiyemjua jina. Mwaka wa 1971, katika sahani ya Marvin Gaye iitwayo What's Going On, ndipo majina ya wapigaji yalipochapishwa, na la Jamerson likiwamo. Kumi na mbili ilikuwa miaka ya kazi. Mstari mmoja ulikuwa wa jina.

Mwaka uliofuata, 1972, Motown ilihamia Los Angeles. Wapigaji wengi wa Detroit waliachwa nyuma. Jamerson aliifuata, lakini mji ule haukuwa wake. Wakati wenyewe ulikuwa umegeuka. Larry Graham, aliyezoea kupiga na mama yake bila ya mpiga ngoma, alikuwa amevumbua namna ya kuugonga uzi kwa kidole gumba ili besi iwe besi na ngoma pamoja. Bootsy Collins aliipitisha sauti ya besi katika visanduku vya umeme vilivyoifanya ilie kama kiumbe cha majini. Mwaka wa 1976 Jaco Pastorius alitoa sahani yake ya kwanza, akipiga gitaa la besi lisilo na freti, na kuithubutisha besi kuongoza wimbo badala ya kuufuata. Wenye studio walitaka nyuzi mpya zenye kung'aa. Jamerson alishikilia nyuzi zake kuukuu. Ulevi uliokuwa umemsumbua zamani ukazidi, na kazi ikapungua.

Mwezi wa Machi, 1983, Motown ilifanya tamasha kubwa mjini Pasadena la kuadhimisha miaka yake ishirini na mitano. Husimuliwa kuwa Jamerson hakualikwa, bali alinunua tikiti kwa mlanguzi, akaketi juu nyuma, akawatazama waimbaji wakishangiliwa kwa nyimbo ambazo misingi yake aliichimba yeye. Karibu na mwisho wa maisha yake, gitaa lake la mwaka wa 1962 liliibwa. Tarehe 2 Agosti, 1983, alifariki akiwa na umri wa miaka 47.

Hapa ndipo swali la ushahidi linaporudi. Carol Kaye, mpigaji stadi wa Los Angeles aliyezaliwa mwaka wa 1935, ambaye kazi zake katika studio za mji huo ni nyingi na hazina shaka, amedai kuwa nyimbo kadhaa mashuhuri za Motown zihesabiwazo kuwa za Jamerson zilipigwa na yeye. Watetezi wa Jamerson wamekataa. Dai hilo haliwezi kutupwa kwa dharau, maana ni kweli kuwa Motown ilirekodi baadhi ya nyimbo zake Los Angeles hata kabla ya kuhama. Wala haliwezi kupokelewa kwa heshima ya msemaji peke yake. Mwanahistoria hana budi kuzipima hati za malipo ya chama cha wanamuziki pale zilipo, kanda za asili ambazo ndani yake besi yaweza kusikilizwa peke yake, kumbukumbu za waliokuwamo chumbani, na sikio la wapigaji wanaoujua mkono kama mtu aujuavyo mwandiko wa ndugu yake. Kila mojawapo ya mashahidi hawa aweza kukosea: hati hupotea, kumbukumbu huchakaa, sikio hupendelea limpendaye. Wakikubaliana, neno lao hupata nguvu. Na ifahamike kuwa ubishi huu wote, pamoja na uchungu wake kwa pande mbili, haukuzaliwa na tamaa ya mpigaji yeyote. Ulizaliwa siku ile mwenye duka alipoona kuwa wino wa kuandika jina ni gharama isiyo na faida. Aliyenyimwa jina hakuonewa peke yake. Wote waliofanya kazi pembeni mwake waliachiwa urithi wa shaka.

Malipo yalikuja, ijapokuwa yalichelewa. Mwaka wa 1989 Allan Slutsky alitoa kitabu juu ya maisha ya Jamerson, kilichoandika mapigo yake kwa noti ili wanafunzi wajifunze. Mwaka wa 2000 Jamerson aliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki, katika fungu la wapigaji walio nyuma ya waimbaji. Mwaka wa 2002 filamu ilitolewa juu ya Funk Brothers, na wale waliokuwa hai wakapanda jukwaani, wakatajwa mmoja mmoja kwa majina yao.

Kiswahili chasema kuwa chanda chema huvikwa pete. Chanda cha Jamerson kilikuwa chema, na kilikuwa kimoja. Pete ilipofika, mwenyewe alikuwa kaburini kwa miaka mingi. Kwa hiyo methali ni ya kweli, lakini haikusema ni lini. Wakati ndio uliosahauliwa, na wakati ni amana ya waandikao. Mwenye kuandika historia ya muziki wa mahali popote, pawe Detroit au Dar es Salaam, asitosheke na jina lililo juu ya jalada. Na aulize ni nani aliyeshika sauti ya chini, aulize wakati mtu huyo angali aweza kujibu, kisha aandike.