Ufahamu wa Kiingereza Ugogo: zoezi lililobaki bila vitabu vyake

Tanzania haina mtihani mmoja wa Kiingereza unaompeleka mtu chuo kikuu. Kijana wa Nzuguni, pembezoni mwa Dodoma, anayetaka kusoma Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho si mbali na kwao, hupita kidato cha nne na cha sita. Mtu mzima aliyeachwa na mkondo huo hujaribu mtihani wa kuingilia wa watu wazima, au huanzia programu ya awali ya Chuo Kikuu Huria. Hata hivyo njia hizo mara nyingi hukutana mahali pamoja: karatasi yenye habari ya Kiingereza ambayo msomaji hajapata kuiona, na maswali ya kupima kama ameielewa. Ndiyo maana kazi ya kudumu ya maduka ya steshenari katika miji yetu ni kutoa nakala za mitihani ya zamani, “pasti pepa” kama wanavyoziita wanafunzi, na ndiyo maana vituo vya twisheni hufungua somo la Kiingereza kwa kifungu cha ufahamu. Wengi hulaumu zoezi hili kwamba limeua usomaji, kwa kuwa mwanafunzi amezoea aya tatu na maswali sita na hawezi tena kitabu. Nadhani lawama hiyo imegeuza mambo. Historia ya uwanda huu wa kati inaonyesha kwamba zoezi la ufahamu liliingia likiwa sehemu ndogo ya mfumo mpana wa kusoma, kisha mfumo ukaondoka na zoezi likabaki peke yake. Hatuwezi kulidai lifanye kazi ya vitabu vilivyokuwa vikilibeba.

Kiingereza kilichelewa kufika Ugogo, nchi ya Wagogo inayoizunguka Dodoma. Wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) ya Uingereza walifungua kituo Mpwapwa mwaka 1876, na maandishi waliyoyaandaa kwa ajili ya watu wa huku yalikuwa ya Kigogo na ya Kiswahili. Wajerumani nao waliendesha utawala wao kwa Kiswahili, na karani au akida hakuhitaji lugha nyingine ya Ulaya ila ya wakubwa wake. Waingereza walipoichukua Dodoma mwaka 1916 katikati ya vita, kilichofuata kwa Wagogo hakikuwa shule. Ilikuwa Mtunya, njaa kubwa ambayo bado ni alama ya wakati katika masimulizi ya Ugogo. Shule za serikali ya Waingereza zenye mpangilio zilikuja katika miaka ya 1920, na zilipokuja, lugha zilipangwa kwa ngazi: Kiswahili kwa walio wengi chini, Kiingereza kwa wachache waliopanda madarasa ya juu. Mtoto wa Kigogo alikuwa na ngazi tatu, kwa maana hata Kiswahili alikikuta shuleni. Kufikia siku ya kusoma kifungu cha Kiingereza mbele ya msimamizi wa mtihani, alikuwa tayari amehama lugha mara mbili. Anayezungumzia udhaifu wa Kiingereza mikoa ya kati bila kuihesabu safari hiyo anaanza hesabu katikati.

Mtihani wenyewe ulitoka Cambridge. Chuo kikuu hicho kilikuwa kimeanza kutahini watu wa ng’ambo tangu miaka ya 1860, kule Trinidad, na karatasi zake zilifuata bendera ya Uingereza kokote ilikopandishwa. Katika karatasi ya Kiingereza kulikuwa na insha, sarufi, na kile tunachokiita leo ufahamu na ufupisho. Asili ya ufupisho inafaa kukumbukwa, kwa sababu inaeleza mengi. Kazi hiyo ilikuwa katika mitihani ya kuajiri watumishi wa serikali ya Uingereza tangu karne ya 19: mtahiniwa alipewa rundo la barua za ofisini, akatakiwa atoe kiini chake kwa maneno machache ili mkubwa asipoteze muda. Ni stadi ya karani mzuri. Koloni lilihitaji makarani, kwa hiyo mtihani ule ulilifaa kabisa. Kwamba baadaye stadi hiyo hiyo ilitumika kumpima mtu atakayesoma falsafa au udaktari ni jambo ambalo halikupata kujadiliwa sana, na mpaka sasa halijadiliwi.

Uwanda wa kati ulikuwa na shule yake ya ngazi hiyo: Alliance, shule ya sekondari ya makanisa ya Kiprotestanti eneo la Kikuyu mjini Dodoma, iliyokuja kuitwa Mazengo kwa jina la mtemi maarufu wa Wagogo, na ambayo majengo yake ndiyo Chuo Kikuu cha St. John’s tangu mwaka 2007. Katika shule za namna hiyo ufahamu haukuwa somo la kujitegemea. Mwanafunzi alilala bwenini, akaamrishwa kuzungumza Kiingereza, akaadhibiwa alipoteleza kwenye lugha ya kwao, akaazimishwa vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa, akasomewa Biblia na kuimbishwa tenzi kwa lugha hiyo. Kifungu cha mtihani kilikuwa kipimo cha mambo aliyokuwa akiyafanya kutwa nzima. Sitaki kuusifia mfumo ule. Ulijengwa kwa ajili ya wachache, ulimfanya mtoto aione lugha ya mama yake kama kosa, na kwa miaka mingi mlango wake wa juu ulikuwa Makerere peke yake, alikokwenda Julius Nyerere mwaka 1943 akitokea Tabora. Lakini kwa jambo moja ulikuwa mkweli: haukumpima mtu katika kitu ambacho haukumpa.

Uhuru ulileta chuo kikuu nchini kabla bendera haijabadilishwa. Kilifunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la chama cha TANU, chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, uamuzi ambao binafsi nauhesabu kuwa miongoni mwa mema makubwa ya Taifa hili. Sekondari ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania. Mwaka huo huo TANU iliamua makao makuu ya serikali yahamie Dodoma. Hapo ndipo hatima ya vijiji kama Nzuguni, vya mtama, uwele na mifugo, ilipoanza kugeuka bila wenyewe kuwa na habari. Jambo la kushangaza katika mageuzi ya mitihani ni jinsi umbo lilivyobaki. Mada zilibadilika: reli ya Uingereza ikaupisha Ujamaa, na majina ya watu kwenye vifungu yakawa yetu. Mpangilio wa kifungu, maswali na ufupisho haukuguswa. Hata karatasi ya Kiswahili ilifuata sura hiyo hiyo, ufahamu na ufupisho mwanzoni, kana kwamba hakuna namna nyingine ya kumjua msomaji.

Kilichoguswa ni yote yaliyokuwa yakilizunguka. Mwanafunzi wa miaka ya 1970 aliingia kidato cha kwanza akiwa amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha akatarajiwa kufuata fizikia na historia kwa Kiingereza kuanzia wiki ya kwanza. Vitabu vilikuwa vikiadimika, na baada ya Vita vya Kagera na mdororo wa uchumi, karatasi yenyewe ikawa ya kutafutwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliona matokeo mapema, kikaanzisha mwishoni mwa muongo huo kitengo cha kuwafundisha stadi za mawasiliano vijana waliokwisha kufaulu mitihani yote. Ushahidi mzito ulikuja mwaka 1984, katika ripoti ya watafiti Clive Criper na William Dodd. Hawa walitumia kipimo cha kuziba mapengo, kilichobuniwa Marekani na Wilson Taylor mwaka 1953: habari huondolewa maneno kwa mpangilio, na msomaji huyarudisha kwa kufuata maana. Kipimo hicho hakitoi nafasi kwa ujanja wa kunakili sentensi yenye neno lililomo kwenye swali. Waliona kwamba chini ya asilimia 20 ya wanafunzi wa chuo kikuu waliopimwa wangeweza kusoma bila taabu hata vitabu vyepesi vya masomo yao. Wote walikuwa wamefaulu ufahamu huko nyuma. Basi mtu anaweza kufaulu zoezi bila kuwa msomaji, na hilo tunalijua kwa ushahidi tangu miaka arobaini iliyopita.

Dawa iliyofuata ilikuwa sahihi, na namna ilivyopotea inafundisha kuliko mafanikio yake. Kati ya mwaka 1987 na 1991 mradi uliogharimiwa na Uingereza ulipeleka vitabu vya hadithi katika sekondari, ili wanafunzi wasome kwa wingi na kwa raha, vyepesi kwanza. Hadithi zenye mazingira ya kwetu, kama zile za Richard Mabala kuhusu Hawa dereva wa basi, zilithibitisha kwamba Kiingereza chepesi kinaweza kubeba maisha ya Mtanzania. Lakini kusoma kwa raha hakukuwa na alama kwenye mtihani, na mwalimu mwenye madarasa yaliyofurika aliirudia haraka karatasi yenye alama. Baadaye mtihani wa kidato cha nne ulipoweka sehemu ya kujibu kuhusu vitabu vilivyosomwa, soko lilijibu kwa vijitabu vya muhtasari: wahusika, dhamira, mifano miwili ya kila dhamira. Mwanafunzi anaweza kuandika insha ya kupendeza kuhusu riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong’o bila kuwahi kuishika. Nondo, yaani hoja za kukariri, zimemtosha.

Atatokea mtu aseme kwamba ninalinganisha visivyolingana: Alliance ilipokea waliochujwa, na shule ya kata inapokea mtoto wa kila mtu. Hoja ina nguvu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulizipa kata shule zake, na pembezoni mwa Dodoma, kama kwingineko, watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kuota sekondari waliingia darasani. Mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 ulipotoa daraja sifuri kwa takribani watahiniwa 6 kati ya 10, wengi walisema huo ndio mwisho wa kuokota kila mmoja. Serikali iliunda tume, na Mei 2013 matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Lakini tukumbuke kwamba waliopimwa na Criper na Dodd walichujwa kuliko hata wa Alliance. Walikuwa sehemu ndogo kabisa ya rika lao, waliopita darasa la saba, kidato cha nne na cha sita, kila mara wakiachwa wengi nyuma. Kama uchujaji ndio uliokuwa siri ya usomaji, wao wangekuwa wasomaji hodari. Walichokosa ni vitabu na muda wa kuvisoma, na hicho ndicho anachokosa pia mtoto wa shule ya kata.

Pingamizi la pili ni la wapenzi wa Kiswahili, na mimi ni mmoja wao. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari ianze kufundishwa kwa Kiswahili mwaka 1985, serikali ikakataa. Wanasema laiti ingekubali, zoezi hili la mateso lingebaki kuwa la wanaojifunza lugha za kigeni. Kwa sehemu kubwa nakubali, hasa kwa upande wa fizikia na historia. Ila tusijidanganye kuhusu usomaji. Kijana anayejibu ufahamu wa Kiswahili hutumia mbinu zile zile: anasoma swali kwanza, anatafuta neno kwenye kifungu, ananakili sentensi. Kubadili lugha kungempunguzia mzigo, lakini hakungempa mazoea ya kukaa na kurasa 200. Tena mfano mzuri wa kutoa mazoea hayo tunao wenyewe. Kampeni ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya 1970 haikuishia kwenye ubao. Serikali ilitambua kwamba aliyejua kusoma jana atasahau kesho asipokuwa na cha kusoma, ikapeleka maktaba vijijini na gazeti la Elimu Haina Mwisho. Nchi iliyomfikiria mkulima kwa namna hiyo haikumfikiria hivyo mwanafunzi wa kidato cha pili.

Walimu wa twisheni wana pingamizi la kawaida zaidi: mazoezi ya mitihani ya zamani yanaleta alama. Yanaleta, kweli. Nzuguni ya leo, yenye viwanja vya Nanenane, stendi kuu ya mabasi na Soko la Ndugai, ikiwa njiani kuelekea mji wa serikali wa Mtumba, imejaa watu wanaoajiriwa kwa vyeti na kupandishwa kwa vyeti. Mtu wa miaka 35 mwenye zamu za kazi na watoto hana mwaka mzima wa kusoma riwaya kabla ya mtihani wa kuingilia. Akijifunza kugawa muda wake, kutambua swali linalotaka maana na lile linalotaka neno, na kufupisha bila kunakili, hajapoteza chochote. Tatizo litamkuta mhula wa kwanza, atakapopewa sura nne za kitabu kwa wiki moja na kukuta kwamba hakuna mwenye maswali sita ya kumwelekeza atafute nini.

Ikiwa mtihani ndio unaoamua kinachofundishwa, na miaka hii yote inaonyesha hivyo, basi pa kuanzia ni kwenye mtihani. Kifungu cha nusu ukurasa kingeweza kuwa kurasa tano. Maswali yangeweza kudai msomaji aunganishe jambo la ukurasa wa kwanza na la ukurasa wa mwisho, au apingane na mwandishi kwa sababu. Sehemu ya vitabu ingeweza kumpa mtahiniwa ukurasa kutoka ndani ya riwaya aliyosema ameisoma, aeleze kilichotangulia na kilichofuata, na hapo vijitabu vya muhtasari visingemfikisha mbali. Karatasi kama hiyo ni ghali kuchapa na inachosha kusahihisha. Pia ingeangusha wengi mno kama ingewekwa kabla ya vitabu kufika madarasani, kwa hiyo mpangilio wa kufuata ni vitabu kwanza, karatasi baadaye. Mwaka 1987 tulianza na vitabu, na karatasi ya mtihani ikabaki ilivyokuwa.