Sotoka: Kirusi Kilichobandua Utumbo wa Ng'ombe

Mwaka 1892 msafiri wa Austria, Oscar Baumann, alishuka kreta ya Ngorongoro akakuta Wamasai waliobaki mifupa mitupu. Morani walijikokota, wanawake hawana nguvu ya kusimama, na kilicholiwa ni ngozi, hata pembe za ng'ombe. Wenyewe wanakiita kipindi kile Emutai: kwisha kabisa.

Ng'ombe walikuwa wamemalizwa na ugonjwa wa sotoka. Inaaminika iliingia Afrika kupitia Massawa, Eritrea, mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia. Miaka kumi baadaye ilikuwa imeshafika ncha ya kusini ya Afrika, na nyuma yake makundi mengine yalibakiza ng'ombe mmoja katika kila kumi.

Iliuaje? Kirusi cha sotoka, ndugu wa karibu wa kile cha surua, kiliingia kwa pumzi kikatua kwenye tezi za koo. Hapo kilivamia chembe nyeupe za damu, askari wale wale ambao kazi yao ni kukikamata, kikazifanya zizalishe virusi vingine hadi zife. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hiki kilikuwa ndani zaidi ya nguo. Mwili ukiwa hauna ulinzi, damu ilikisambaza hadi kwenye utando laini wa mdomo, pua na utumbo. Kwenye utando huo kiliziyeyusha kuta baina ya seli jirani, zikawa pande moja lenye viini vingi, kisha pande zima likafa na kubanduka. Mfugaji aliyefunua midomo ya ng'ombe mwenye homa aliona ufizi kama umenyunyiziwa pumba. Zile pumba zilikuwa nyama iliyokufa, na chini yake kidonda kibichi. Utumboni yalikuwa yale yale, ila huko hakuna aliyeona mpaka mzoga upasuliwe. Utumbo uliochubuka haushiki maji: ng'ombe alihara maji, kisha damu, macho yakadidimia, na mara nyingi hakumaliza wiki mbili.

Mwaka 1902 Maurice Nicolle na Adil Bey, wakiwa Istanbul, walionyesha kwamba kisababishi cha sotoka hupenya vichujio vinavyozuia bakteria, yaani si bakteria. Lakini kukijua si kukiweza.

Chanjo iliyokiweza ilitoka Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Katika miaka ya 1950 Mwingereza Walter Plowright na mwenzake R. D. Ferris walikiotesha kirusi, aina iliyoitwa Kabete, kwenye seli za figo za ndama. Kila kilipozaana walikihamishia kwenye seli mpya, takriban mara 90. Kikaendelea kuzaana, ila kikasahau kuua. Sindano moja ikamkinga ng'ombe maisha yake yote.

Lakini nani alimwambukiza nani, ng'ombe au wanyamapori? Serengeti, Tanzania, ikatoa jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Nyumbu hawakuchanjwa, walichanjwa ng'ombe wa pembezoni tu. Hata hivyo nyumbu wakaongezeka kutoka takriban 250,000 mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Kumbe wanyamapori, walioshukiwa kwa miaka kuwa ghala la ugonjwa, ndio waliokuwa wakiambukizwa na ng'ombe.

Mgonjwa wa mwisho kuthibitishwa duniani alikuwa nyati wa Meru, Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kutokomezwa. Kirusi chenyewe kikabaki kwenye friza za maabara chache. Ile ya Pirbright, Uingereza, iliteketeza akiba yake mwaka 2019, baada ya kunakili mpangilio wa vinasaba vyake.