Diepsloot: Tangi la mafuta likiondolewa, sumu hubaki ardhini

Kitongoji cha Diepsloot, kaskazini mwa jiji la Johannesburg nchini Afrika Kusini, kilianza mwaka 1995 kama makazi ya muda ya watu walioondolewa Zevenfontein. Leo nyumba za matofali na vibanda vya mabati vimebanana huko, na mahali pa namna hiyo kiwanja kilichowahi kuwa kituo cha mafuta hakikai kitupu kwa muda mrefu. Ndiyo maana uchunguzi wa udongo na maji hauna budi kufanywa kabla ya mtu kujenga juu yake.

Tangi la chuma lililofukiwa huliwa na kutu. Tundu dogo laweza kuvujisha petroli kwa miaka bila kugunduliwa, ila kwa mwenye kituo anayelinganisha kila siku mafuta yaliyoingia, yaliyouzwa na yaliyobaki.

Uchunguzi huanzia kwenye makaratasi: ramani, vibali na picha za zamani zilizopigwa kutoka angani. Wataalamu hutaka kujua matangi yalikaa wapi, mabomba yalipita wapi na ni mafuta gani yaliyohifadhiwa. Umri nao una maana. Afrika Kusini iliacha kuuza petroli yenye risasi mwaka 2006, hivyo penye tangi la kabla ya hapo risasi nayo hupimwa.

Baadaye sampuli za udongo huchukuliwa kwenye sakafu na kuta za shimo, na pia chini ya mabomba, kwani uvujaji mara nyingi hutokea kwenye maungio. Hufungwa barabara na kuwekwa kwenye baridi hadi maabara. Kinyume cha hivyo kemikali hupotea hewani na majibu huonekana mazuri kuliko hali ilivyo.

Maji ndiyo sehemu ngumu zaidi. Petroli ni nyepesi, huelea juu ya maji ya ardhini. Eneo la Diepsloot limekaa juu ya miamba ya kale ya granaiti, ambayo maji yake hukaa katika tabaka la juu lililomong'onyoka na katika nyufa zilizo chini yake. Ufa mmoja waweza kuyapeleka mafuta upande usiotarajiwa. Visima vitatu vya uchunguzi ndiyo idadi ndogo kabisa inayowezesha kujua mwelekeo wa maji, na katika granaiti mara nyingi havitoshi. Aidha, wakati wa ukame kina cha maji hushuka na petroli hujitokeza kisimani. Mvua zikirudi, hunaswa tena udongoni. Kipimo cha siku moja kwa hiyo hudanganya.

Kinachohofiwa zaidi ni benzini, kemikali iliyomo ndani ya petroli, inayosababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Mkazi asiye na kisima hawezi kujiona salama kwa sababu anateka maji ya bomba: kemikali hizo hupenya mabomba ya plastiki yaliyolazwa katika udongo uliochafuka. Mvuke nao hupanda na kuingia vyumbani kupitia nyufa za sakafu.

Sheria ya taka ya Afrika Kusini ya mwaka 2008, ambayo sehemu yake kuhusu ardhi iliyochafuka ilianza kutumika Mei 2014, inamtaka mwenye ardhi iliyochafuka vibaya kuiarifu serikali mara anapofahamu. Inahusu hata uchafuzi uliotokea kabla ya sheria yenyewe.

Afrika Mashariki ina funzo lake la gharama kubwa. Mei 2015 petroli ilivuja kutoka bomba la Mombasa hadi Nairobi huko Thange, kaunti ya Makueni nchini Kenya, ikachafua mashamba, visima na mto. Miaka 10 baadaye, mwaka 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 3.8 za Kenya.

Huko Thange palikuwa na mashamba, na mitambo ya kuchimbia ingeweza kupita. Penye vibanda vilivyobanana mtambo hauingii, na wachunguzi hulazimika kutumia keekee ya mkono, ambayo hukwama mara inapokutana na mwamba mgumu. Maji yaliyo katika nyufa za chini hubaki bila kupimwa, mpaka ipatikane nafasi ya mtambo kando ya makazi, upande yanakoelekea maji.