Leseni ya Windows hukwama mazabodi ikibadilishwa

MWENYE saiba mtaani Maringo au Jericho, eneo la Makadara jijini Nairobi, anapobadilisha mazabodi na prosesa ya tarakilishi, kazi haiishii kwenye kukaza skrubu. Mazabodi ndiyo bamba linalounganisha sehemu zote za mashine, na Windows huitambua mashine hasa kwa bamba hilo. Likibadilishwa, leseni yaweza kukataliwa.

Leseni iliyotoka kiwandani pamoja na tarakilishi hufungamana na mazabodi yake ya kwanza. Iliyonunuliwa kando yaweza kuhamishwa, na ni rahisi zaidi ikiwa imeunganishwa mapema na akaunti ya Microsoft ya mwenyewe.

Kabla ya mashine kufunguliwa, faili za wateja zinakiliwe kwenye diski nyingine, kwani kusakinisha Windows upya kwa kusafisha diski hufuta kila kitu.

Huduma ya kawaida kwa Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025, nayo Windows 11 huhitaji prosesa iliyoidhinishwa na kitengo cha usalama cha TPM 2.0. Asiyeulizia hayo dukani huenda akanunua mazabodi mara mbili.